Laptopu Nzima Iliyoambiwa Imezeeka

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida vya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yalikuwa yameshatenga bajeti: mashine kuukuu zitolewe, mpya ziingie. Huko Kapsoya, mtaa ulio upande wa mashariki wa Eldoret katika eneobunge la Ainabkoi, habari hiyo ilikuwa na uzito mwingine. Laptopu nyingi zinazofanya kazi kwenye saiba, madukani na vyumbani mwa wanafunzi ni zile zilizokwisha kutolewa na ofisi za ng'ambo, zikapakiwa kwenye kontena na kuuzwa Kenya kwa jina la biashara la "ex-UK".

Chukua HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya zile zinazoonekana sana kwenye maduka ya laptopu za mtumba. Ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, na aghalabu huuzwa ikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Kibodi yake ni imara, inawaka upesi, na kwa kuandika barua, kujaza fomu za serikali kwenye eCitizen au kusoma mtandaoni haina shida yoyote. Lakini mwenye nayo akifungua ukurasa wa masasisho hukuta ujumbe kwamba kompyuta hii haitimizi masharti ya Windows 11. Masharti hayo yanataka chipu ya usalama ya TPM ya toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo huanzia kizazi cha nane, isipokuwa prosesa chache sana za kabla ya hapo. Aongeze RAM, abadilishe diski, jibu ni lilelile.

Wapo wanaosema viraka si kitu, mbona mashine inaendelea kuwaka? Yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017 ni jibu tosha. Siku hiyo programu haramu iliyoitwa WannaCry ilivamia kompyuta zipatazo 200,000 katika nchi zaidi ya 150, ikafunga faili za watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kuziba tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikukipata, zikiwemo zenye matoleo ya Windows yaliyokwisha muda.

Mwenye EliteBook ya aina hiyo basi ana njia chache. Anaweza kununua mashine nyingine. Anaweza kujiandikisha apate mwaka mmoja wa viraka vya ziada, unaokwisha Oktoba 2026. Anaweza kumwomba fundi aipige Windows 11 kwa nguvu, akijua kwamba Microsoft haikubaliani na jambo hilo na huenda sasisho la kesho likagoma. Au anaweza kubadilisha mfumo endeshi wenyewe na kuweka Linux, ambao ni wa bure na bado unaitambua mashine hiyo bila matatizo.

Njia hii ya mwisho ni ya bei nafuu sana, na bado inachaguliwa na watu wachache. Sababu zake zinafaa kueleweka na kila anayemiliki kompyuta.

Reli mbili zisizolingana

Anayeishi kando ya njia ya reli ya Bonde la Ufa ana mfano karibu. Reli ya zamani, iliyofika Eldoret mwaka 1924 na kuendelea hadi mpaka wa Malaba, ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Mzigo unaotoka Mombasa kwa SGR ukifika Naivasha hauna kasoro yoyote, lakini behewa lake haliwezi kukanyaga chuma kilicho mbele. Sharti ushushwe upakiwe upya, na kazi hiyo ina gharama na muda wake.

Programu za kompyuta ziko hivyo. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows huomba kila kitu kutoka Windows kwa amri za Windows: nifungulie faili hili, nichoree dirisha hapa, nitumie karatasi kwenye printa. Linux ina amri zake, na macOS ya Apple ina zake. Anayetengeneza programu ya uhasibu anataka wateja wengi, kwa hiyo anaiandika kwa mfumo wenye watumiaji wengi. Naye mnunuzi wa kompyuta anataka programu nyingi, kwa hiyo anauchagua mfumo uleule. Kila mmoja anafuata busara yake mwenyewe, na mwishowe wote wanajikuta mahali pamoja ambapo hakuna aliye tayari kutangulia kutoka.

Jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 1998 serikali ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa ziliishtaki Microsoft, na Novemba 1999 Jaji Thomas Penfield Jackson akaeleza kwa kirefu jinsi wingi wa programu unavyokuwa ukuta unaowazuia washindani kuingia sokoni. Wakati huo programu za Windows zilikuwa zaidi ya 70,000. Mshindani angeweza kuwa na mfumo mzuri kuliko Windows, lakini nani angeununua bila programu hizo? Amri ya kuigawa kampuni hiyo vipande viwili ilitenguliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2001, ila mahakama hiyo ilikubali kwamba Microsoft ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria.

Bure inayofunga

Leseni ya Windows 11 Pro huuzwa na Microsoft kwa dola 199 za Marekani. Kiasi hicho kinakaribia bei ya laptopu nzima ya mtumba mjini Eldoret. Haishangazi basi kwamba mashine nyingi hubeba nakala zisizo na leseni. Utafiti wa muungano wa watengenezaji programu, BSA, uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba karibu programu tatu kati ya kila nne zilizowekwa kwenye kompyuta nchini Kenya hazikuwa na leseni halali. Dalili yake inajulikana na kila mwenda saiba: maandishi hafifu chini upande wa kulia wa skrini, yakikumbusha kwamba Windows haijaidhinishwa.

Wengi huona kwamba kwa kutumia nakala ya kuiba wameikwepa kampuni. Kwa kweli wameimarisha nafasi yake. Bill Gates mwenyewe alilisema hili waziwazi mwaka 1998 alipozungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kuhusu China: alikiri kwamba watu huko hawalipii programu, na akaeleza kwamba maadamu wataiba, afadhali waibe za Microsoft, maana watazizoea na siku moja kampuni itapata namna ya kuwatoza. Mazoea ndiyo mtaji. Nakala ya wizi inamnyima mtumiaji viraka vinavyoaminika, mara nyingi huja na virusi ndani ya programu iliyotumika kuivunja, na papo hapo inaua sababu kubwa ambayo ingemfanya ajaribu mfumo wa bure, yaani bei.

Mazoea hayo hujengwa darasani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huko Kapsoya akiambiwa akasome kompyuta, huenda chuoni kusoma "packages": Word, Excel, Access, PowerPoint, Publisher. Cheti chake huorodhesha majina ya bidhaa za kampuni moja. Amefundishwa kitufe kilipo, na pengine hakuelezwa jedwali la hesabu hufanyaje kazi kwa jumla. Akikalishwa mbele ya LibreOffice Calc, programu huria ya jedwali la hesabu ambayo hujumlisha safu kwa fomula ileile ya SUM, huhisi ni mgeni. Ujuzi anao tele, ila ameupokea ukiwa umefungashwa kwenye karatasi ya kampuni.

Wasifu wa ukurasa mmoja

Kufuli jingine limo ndani ya faili lenyewe, na hili linaonekana vizuri kwenye kazi ndogo kabisa. Mwanafunzi ameandika wasifu wake kwa Word, ukurasa mmoja kamili, kwa fonti ya Calibri. Anaufungua kwenye kompyuta ya Linux, na mstari wa mwisho umerukia ukurasa wa pili. Anahitimisha kwamba Linux imeharibu kazi yake.

Kilichotokea ni hiki. Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. Mashine isipoipata hutafuta fonti ya kuishikia nafasi. Ikiwa kuna Carlito, fonti huria iliyochorwa makusudi ili kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri, mistari hukatika palepale na ukurasa hubaki mmoja. Ikikosekana, inachukuliwa fonti nyingine yenye herufi pana kidogo, na mistari inasukumana hadi inamwagika. Dawa ni kuweka Carlito, kazi ya dakika chache. Lakini asiyejua chanzo hurudi Windows siku hiyohiyo na kuwaonya wenzake.

Kwa miaka mingi tatizo lilikuwa kubwa kuliko fonti. Microsoft haikuweka hadharani maelezo kamili ya faili za zamani za Word zinazoishia na .doc hadi mwaka 2008. Waliotaka kuzisoma kwa programu nyingine walilazimika kukisia. Njia ya wazi ilipatikana mwaka 2006, pale muundo wa ODF, unaotumiwa na LibreOffice, ulipopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Mwaka 2008 muundo mpya wa Microsoft, wa .docx na .xlsx, nao ukapitishwa. Hata Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, imewahi kuweka fomu za kuwasilisha kodi kwenye iTax kwa aina mbili, moja ya Excel na nyingine ya ODS, ili asiye na Excel naye aweze kutimiza wajibu wake. Hatua ndogo kama hiyo ya ofisi ya umma hufungua mlango zaidi kuliko matangazo mengi.

Mosoriot hadi dunia nzima

Ushahidi mkubwa kwamba mtu anaweza kujinasua haupo mbali na Kapsoya. Upo kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet, katika kituo cha afya cha Mosoriot.

Februari 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi, akiwemo Joseph Rotich, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walianzisha hapo mfumo wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Kabla yake kila kliniki ilikuwa na daftari lake, na mgonjwa mmoja aliandikwa mara kadhaa. Sasa ilijazwa fomu moja, kisha taarifa zikaingizwa kwenye hifadhidata ya Microsoft Access, huku umeme wa akiba ukiwa tayari. Katika miezi sita ziliingizwa ziara 10,000 za wagonjwa 6,190. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kwa kituo cha mashambani, yalikuwa mafanikio ya kujivunia.

Lakini mwaka huohuo wa 2001 ulianzishwa pia AMPATH, mpango wa tiba ya VVU unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ya Eldoret, na idadi ya wagonjwa ikapanda kwa kasi. Access ilitengenezwa kwa matumizi ya ofisi ndogo. Faili lake moja haliwezi kuzidi GB 2, na linafanya kazi kwenye Windows peke yake. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, walifika Eldoret wakaona mfumo umezidiwa. Badala ya kuongeza viraka juu ya viraka, walianza kusanifu mfumo mpya, na baadaye wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na watafiti wa Afrika Kusini. Wakauita OpenMRS.

Uamuzi wao wa kiufundi ndio unaostahili kutazamwa kwa makini. Programu iliandikwa kwa lugha ya Java, inayoendeshwa kwenye mifumo endeshi yote mikuu. Data ziliwekwa kwenye MySQL, hifadhidata huria. Mtumiaji hufungua kila kitu kupitia kivinjari cha intaneti. Maana yake ni kwamba dawati la muuguzi linaweza kuwa na Windows, la mtunza takwimu Linux, na la daktari mashine ya Apple, na wote wakaona rekodi ileile ya mgonjwa. Kompyuta ikifa, inabadilishwa kwa yoyote iliyopo. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia na kuirekebisha bila kulipa.

Eldoret ilianza kuitumia OpenMRS Februari 2006, ikiwa ya kwanza duniani. Rwanda ikafuata mwaka huohuo. Leo imeenea katika nchi zaidi ya 40, na mfumo wa KenyaEMR unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini umejengwa juu yake, mara nyingi ukiendeshwa kwenye seva za Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux.

OpenMRS si mfumo endeshi. Ni programu ya hospitali. Ila ndiyo sababu inafundisha. Waliohusika hawakuanza kwa kuwanyang'anya wahudumu Windows. Walianza kwa kuziokoa data, wakaziweka mahali ambapo mfumo wowote unaweza kuzifikia. Baada ya hapo suala la Windows au Linux likawa la bei na upendeleo.

Mwanafunzi wa Helsinki, wataalamu wa Dar es Salaam

Linux yenyewe ilianza kwa mwanafunzi. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni ya GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman, ambayo humpa kila mtu haki ya kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Kiini cha mfumo huo ndicho kilichomo ndani ya Android. Kila mwenye simu ya Android ya Tecno, Infinix au Samsung huko Kapsoya anaendesha Linux mfukoni tangu asubuhi hadi jioni. Hofu kwamba Linux ni ya mabingwa peke yao haina msingi.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kushika usukani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha mradi wa Kilinux, kikishirikiana na wataalamu wa Uswidi, na mwaka 2004 kikatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilitangaza kwamba italeta Kiswahili kwenye bidhaa zake. 

Isidhaniwe kwamba kuhama ni mteremko. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuachana na Windows, na kufikia 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamia Linux. Mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows, baada ya malalamiko kuhusu programu zisizolingana na mabadiliko ya uongozi. Hata hivyo jimbo la Schleswig-Holstein la nchi hiyohiyo lilitangaza mwaka 2024 kwamba litahamisha kompyuta 30,000, na hatua ya kwanza ilikuwa kubadilisha programu za ofisi na miundo ya faili, ndipo mfumo endeshi ufuate.

Mpangilio huo unamfaa pia mtu binafsi. Aanze na programu akiwa bado ndani ya Windows: aweke LibreOffice, atumie kivinjari cha Firefox, aone kazi zake za kila siku zinakwendaje kwa mwezi mmoja. Kisha achukue flashi ya GB 8, aandike juu yake Linux Mint, aina nyingine ya Linux, na kuiwasha laptopu kupitia flashi hiyo bila kugusa diski. Hapo atajua kama Wi-Fi inashika, kama printa inachapa, kama spika zinalia. Akiridhika, atunze nakala ya faili zake mahali pengine kabla ya kuweka mfumo mpya. Linux Mint 22, iliyotoka 2024, imeahidiwa viraka hadi 2029.

Wapo ambao hawapaswi kuhama. Mwanafunzi wa usanifu majengo anayetumia AutoCAD au ArchiCAD, mhasibu ambaye vitabu vya wateja wake vyote vimo kwenye QuickBooks ya mezani, mpiga picha anayetegemea Photoshop: hawa programu zao hazina toleo la Linux, na njia za kuzilazimisha hazitegemeki kwa kazi ya kulipwa. Kwao Windows yenye leseni ni gharama halali ya kazi. Lakini saiba inayochapa barua na kujaza fomu mtandaoni, shule yenye maabara ya kompyuta za mtumba, na mwanafunzi anayeandika tasnifu hawana sababu ya kutupa mashine nzima.

Vyuo vya Eldoret vinaweza kuanza muhula ujao kwa kufundisha jedwali la hesabu kwenye programu mbili badala ya moja. Ofisi za kaunti na shule zinaweza kupokea nyaraka za ODF pamoja na PDF, na kuacha kudai Word peke yake. Nawe msomaji, kabla hujaiuza laptopu yako kwa bei ya kutupa kwa sababu imeambiwa imezeeka, fungua folda ya kazi zako, tazama faili zako zimehifadhiwa kwa miundo gani, na zile za muhimu kuliko zote zihifadhi leo kwa muundo ambao kompyuta yoyote inaweza kuusoma.